Pakiti ya Wangui na Nyimbo za Kalunde

Mbinya mke wa Ndolo alikuwa na kompyuta nyumbani kwake, na hilo peke yake lilitosha kumfanya asemwe soko zima la Ikutha. Lakini hawakumsema kwa kuwa nayo. Walimsema kwa sababu alikuwa akiilisha.

Ndivyo walivyoita wenyewe: kuilisha. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, lori la wanunuzi wa mbuzi lilipotoka Kibwezi na kuvuka Mto Athi, dereva alimshushia Mbinya bahasha ngumu ya kaki yenye disketi mbili. Bahasha ilitoka Nairobi kwa basi la Mombasa, ikalala katika duka la vifaa vya ujenzi la Muturi pale Kibwezi, kisha ikapanda lori. Aliyeituma ni Wangui, mwanamke wa Karatina aliyepiga chapa pamoja na Mbinya katika ofisi moja kwa miaka kumi na tisa. Mwaka wa tisini na sita Mbinya alistaafu, akarudi nyumbani na kompyuta kuukuu ambayo ofisi ilikuwa ikiistaafisha pia. Wangui yeye alienda kufanya kazi katika duka la kompyuta, na akaahidi kwamba hatamwacha rafiki yake porini bila kinga.

Disketi zile hazikuwa na picha wala muziki. Zilikuwa na orodha mpya ya virusi, yaani zile programu za hila zinazojificha ndani ya kompyuta na kuharibu kazi ya mtu. Kompyuta ya Mbinya ilikuwa na programu ya kinga, mlinzi wa kukagua kila kinachoingia. Tatizo la mlinzi huyo ni moja tu: alimkamata tu mwizi ambaye ameonyeshwa sura yake, na wezi wapya walizaliwa kila mwezi. Mlinzi asiyeletewa sura mpya alibaki amesimama mlangoni na rungu lake, akiwapigia saluti wezi wakipita.

Mbinya aliwaeleza watu haya mara nyingi, nao walimsikiliza kama unavyomsikiliza mtu anayekusimulia ndoto yake. Kilichowaudhi ni dakika arobaini. Stima haikuwa imefika Ikutha. Kompyuta ilitumia jua: paneli moja juu ya bati, betri mbili za lori chini ya meza, na kijisanduku cha inveta cha kugeuza nguvu ya betri iwe ya stima. Siku ya jua zuri ulipata saa mbili za kompyuta, basi. Ukaguzi ulikula dakika arobaini za saa hizo mbili, na mtu aliyekuja kuchapiwa kadi ya harusi alikaa pale akitazama namba zikipanda kwenye skrini, akimeza mate ya hasira.

Aliyemwelewa ni mumewe peke yake. Ndolo alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, na alikuwa na zizi la pembeni, mbali na zizi kubwa.

"Mbuzi nikimtoa soko ya Zombe, nampeleka wapi?" aliwauliza wazee waliokuwa wakimcheka mkewe. "Namchanganya na wengine siku hiyo hiyo?"

"Aka! Anakaa huko pembeni wiki mbili," wakajibu.

"Na daktari wa mifugo akinichanjia mwaka jana, mwaka huu namfukuza?"

Wazee wakacheka, wakaenda zao, wakaendelea kumsema Mbinya vilevile.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na kitu kimoja cha maana kuliko kadi zote za harusi. Mlikuwa na nyimbo za Kalunde.

Kalunde alikuwa mwanamke wa miaka themanini na kitu, mwimbishaji wa mwethya tangu kabla ya Uhuru. Mwethya ni kile kikundi cha kazi cha Wakamba: leo tunachimba mtaro kwako, kesho kwangu, keshokutwa bwawa la wote, na jembe haliinuki bila wimbo. Kalunde alitunga nyimbo za mabwawa, za njaa, za waume waliokwenda kufanya kazi reli na kusahau kurudi. Hakujua kusoma wala kuandika. Kanisa lilipoamua kuzitoa nyimbo hizo kwa kitabu, Mbinya alikaa miguuni pake miaka miwili na madaftari yake, akaandika nyimbo mia moja arobaini na nane, akaziingiza kwenye kompyuta moja moja.

Kisha mambo mawili yakatokea katika mwaka mmoja. Mchwa waliingia kwenye sanduku la madaftari, wakala wino na karatasi wakaacha majalada. Na Kalunde akapooza upande wa kulia. Mdomo ukapinda, sauti ikaondoka. Akawa anakaa mlangoni kwa binti yake Kalondu, macho mazima, masikio mazima, ulimi umekufa. Mbinya alikuwa na nakala za akiba kwenye disketi, lakini chumba chake cha bati kiliiva kama jiko, na siku aliyojaribu kuzisoma, kompyuta ilikwaruza ikakwaruza, ikakataa zote. Nyimbo za Kalunde zikawa zimebaki mahali pamoja duniani.

Na hapo, kana kwamba hayo hayatoshi, pakiti zikakatika. Ya mwisho ilifika Juni mwaka wa tisini na nane. Julai hakuna, Agosti hakuna. Mbinya aliandika barua mbili kwa lile duka la Nairobi, hakujibiwa. Kila Ijumaa ya kwanza alisimama sokoni akimtazama dereva wa lori, na dereva akatikisa kichwa kabla hata hajazima injini.

Ndipo Krismasi ikaja, na Mzee Nzioka.

Mzee Nzioka alikuwa mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati ya kitabu, na mwenye pikapu. Alikuwa mtu mwema, hilo Mbinya hakulikana hata siku moja. Ila alikuwa na ule wema wa mtu ambaye hajawahi kuambiwa hapana. Alikuwa ametoka Mombasa kwa mkwewe Kiilu, na mbele ya wageni kumi na watano waliojaa sebuleni kwa Mbinya wakila chapati, akatoa disketi mfukoni.

"Mama Mutunga, nimekuletea zawadi," akamwambia Mbinya, akimwita kwa jina la mwanawe. "Ni mchezo wa maswali ya Biblia. Kiilu amenipa. Nimewekea hata Muturi huko Kibwezi nikipita, amefurahi sana. Weka hapo watu wacheze."

Mgeni akikuletea kitu kwa Wakamba, unakipokea kwa mikono miwili. Hukigeuzigeuzi mbele yake ukitafuta kasoro. Mbinya aliipokea kwa mikono miwili, akaikagua kwa adabu, na mlinzi wake akasema hakuna kitu. Lakini mlinzi mwenyewe alikuwa hajala tangu Juni, na Mbinya alilijua hilo.

"Mzee, asante sana. Wacha tu nikae nayo mpaka pakiti yangu ikuje," akasema polepole.

"Aiyaa!" Nzioka akawageukia wageni. "Hata Neno la Mungu inawekwa zizi ya pembeni?"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mbinya alihisi uso ukimchoma, akaisukuma disketi ndani. Walicheza hadi Mwaka Mpya. Baba yake Methusela ni nani, Yona alikaa tumboni siku ngapi. Mbinya alitabasamu na kukaribisha chai, lakini tangu siku ile alikuwa na mwiba moyoni.

"Nilimwogopa mzee," alimwambia Ndolo. "Najua kazi yangu, na nikaogopa mzee."

Barua ya tatu hakuituma dukani. Aliituma kwa kanisa moja la Karatina, kwa jina la Wangui, kama mtu anayetupa jiwe gizani. Jiwe likampata mtu.

Jumamosi ya tarehe ishirini na nne Aprili, mwaka wa tisini na tisa, mvua ya masika ilikuwa imeishika Ikutha wiki nzima. Sebuleni kwa Mbinya walikaa watu wa kamati: Mzee Nzioka, Kalondu binti wa Kalunde, na wengine watatu. Mchapishaji wa Machakos alikuwa amewapa siku moja tu: kurasa safi zimfikie Jumanne kabla ya jioni, la sivyo mtambo wake unaanza vitabu vya shule na hatawatazama tena hadi mwaka ujao. Hakuna aliyesema kwa sauti kwamba Kalunde hana mwaka ujao. Kalondu alikuwa akitazama mikono yake.

Dereva wa lori akabisha hodi akiwa ameloa chapachapa, bahasha ya kaki ameifunga kwa mfuko wa sukari.

"Mama, chakula ya kompyuta imefika! Nimevuka mwisho mwisho, nyuma yangu maji imefunga barabara yote ya Kibwezi."

Mbinya aliipasua bahasha akiwa amesimama. Disketi mbili, na barua.

*Mbinya dada yangu*, aliandika Wangui, *nisamehe. Niliacha kazi nikaenda kumuuguza mama, nimerudi mwezi uliopita. Sasa nisikilize vizuri. Kuna virusi vimelala ndani ya kompyuta nyingi, na vitaamka Jumatatu tarehe ishirini na sita. Ukiiwasha siku hiyo kama vimo ndani, kila kitu kitafutwa, na pengine mashine yenyewe isiwake tena kamwe. Ilishe kwanza, uikague yote. Nakuomba, usiiguse Jumatatu kabla ya kuilisha.*

Aliisoma mara mbili, kisha akainama kutazama mshale wa betri. Wiki nzima ya mawingu. Ilikuwa imebaki nguvu ya saa moja, labda na dakika tano.

"Sasa sikiza, Mama Mutunga," Nzioka akasema alipoelezwa. "Saa moja tunapata kurasa ngapi?"

"Sitini."

"Basi tuprinti hizo sitini saa hii. Jumatatu tumalize zile mia."

"Jumatatu nikiiwasha bila kukagua, hakuna kumaliza, Mzee. Nyimbo zote zinapotea."

"Na ukikagua leo betri itakwisha. Jumatatu jua ikikataa? Tutapeleka nini Machakos, barua ya Wangui?" Hakuwa akikejeli. Alikuwa na hofu kama yeye. "Stima iko Kibwezi, na barabara imefungwa. Jenereta ya kanisa imekufa. Afadhali sitini mkononi."

Watu wa kamati wakaguna kumuunga mkono. Mbinya akajiuliza: sitini zipi? Azichague nyimbo za mabwawa, nyimbo za njaa zife? Au azihifadhi za njaa, za wale waume wa reli zizikwe? Alimwona Kalunde akiwa bado na sauti, akimrudisha nyuma kwa neno moja, akimwambia andika upya, hukusikia vizuri. Mwanamke yule hakuwahi kukubali nusu ya kitu.

Tena akaukumbuka ule mwiba wa Krismasi.

"Mzee Nzioka," akasema. "Krismasi nilikuheshimu nikaacha kazi yangu. Leo nitafanya kazi yangu, halafu nikuheshimu. Naikagua."

Hakuna aliyewahi kumwambia Nzioka maneno kama hayo mbele ya watu. Wote wakageukia Kalondu, kwa kuwa nyimbo zilikuwa za mama yake.

"Mwacheni," Kalondu akasema. "Hii mashine yeye ndiye anajua."

Mbinya akaiwasha. Aliingiza disketi ya kwanza, kisha ya pili, na mlinzi wake akala kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi. Kisha akaanza ukaguzi. Namba zikapanda. Mia mbili. Mia tano. Mvua iligonga bati. Katika dakika ya kumi na moja kompyuta ililia mlio mfupi, na mstari mwekundu ukatokea kwenye skrini.

Mbinya akasoma. Akasoma tena. Kisha akakigeuza kioo cha kompyuta kielekee kamati, maana alitaka wasome wenyewe.

Ulikuwa mchezo wa maswali ya Biblia.

"Hapana," Nzioka akasema.

Kompyuta ikalia tena. Na tena. Virusi havikuwa vimetulia mahali pamoja. Vilikuwa vimetembea nyumba kwa nyumba tangu Krismasi, vikiingia programu moja baada ya nyingine, hadi ile ya kuandikia iliyofungua nyimbo kila siku. Mstari mwekundu, Mbinya anabonyeza, safi. Mstari mwekundu, safi. Alikuwa akitoka jasho katika ubaridi wa mvua, na ukweli usemwe, alikuwa na furaha kubwa. Miezi minne alikuwa amemtilia shaka mwizi asiyemwona, na sasa alikuwa amemshika shati.

Programu thelathini na saba. Inveta ikaanza kulia kwa kuishiwa. Namba zilikuwa zimebaki kidogo tu. Kalondu alikuwa ameinuka, ameshika kiti cha Mbinya kwa mikono yote miwili. Skrini ikaandika kwamba ukaguzi umekwisha na hakuna kilichobaki. Mbinya akaizima kompyuta kwa utaratibu unaotakiwa, na alipoondoa kidole, taa ya inveta ikafa yenyewe.

Mzee Nzioka akachukua kofia yake.

"Hayo ni mashine imesema," akatamka polepole. "Mimi macho yangu inaona meza haina karatasi hata moja. Jumatatu kukikosa jua, utasimama kanisani wewe mwenyewe uwaambie."

Akatoka mvuani.

Jumapili hakukuwa na jua. Kanisani Mbinya aliketi karibu na mlango, na habari zilikuwa zimemtangulia: kwamba amemkatalia mzee, kwamba amemaliza betri kwa ukaidi, kwamba kitabu kimekufa. Wanawake waliomzoea walimsalimia kwa ncha za vidole. Ndolo alikaa karibu naye, bega kwa bega, jambo ambalo wanaume wa kanisa lile hawakulifanya.

Wakati wa matangazo Kalondu akasimama.

"Naita mwethya," akasema. "Kesho asubuhi, kwa Mama Mutunga."

Kanisa likashangaa. Mwethya katikati ya mvua? Wa kuchimba nini?

"Msibebe jembe. Kila nyumba iko na betri ya gari, ya redio ama ya televisheni, ilete. Iwe imejaa, iwe nusu, ilete. Mama yangu aliwaimbia miaka arobaini mkichimba. Siku moja mkose kusikiza redio, hamtakufa."

Mtu mmoja alicheka nyuma, kisha kicheko kikapotea. Mzee Nzioka hakuinua kichwa.

Jumatatu Mbinya aliamka mapema. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi juu ya miti. Aliweka chai, akasimama mlangoni, na akaona watu barabarani.

Walikuwa wanawake wa mwethya. Mmoja amebeba betri kichwani juu ya kata ya kanga, mgongo umenyooka kama aliyebeba mtungi. Wawili wakisukuma toroli. Bibi mmoja wa makamo amempakia punda betri mbili, huku na huku. Syombua, mke wa mhunzi, alikuja na betri iliyofungwa kwa kamba za mkonge, akasema hajui kama ina kitu ndani, lakini itaimba na wenzake. Kufikia saa tatu zilikuwa kumi. Ndolo akazipanga sakafuni, akaziunganisha zote kwa nyaya, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, akiwakemea watu wasizikanyage kama anavyokemea mbuzi.

Mshale ukapanda. Haukujaa, lakini ulipanda.

Mbinya akaketi. Tarehe ishirini na sita, Aprili. Sebule ilijaa hadi nje, na watu ambao hawakuwahi kujali kompyuta walikuwa wakinyoosha shingo kuiona. Hapo ndipo hofu ilipomshika kweli. Aliamini pakiti ya Wangui, lakini kuamini ni jambo moja na kubonyeza ni jambo lingine. Kama kulikuwa na kirusi hata kimoja kilichomponyoka, angeizima sauti ya Kalunde kwa kidole chake mwenyewe, mbele ya wanawake waliobeba betri vichwani.

Akabonyeza.

Feni ikavuma. Skrini ikakaa nyeusi muda uliomtosha Mbinya kutubu dhambi zake zote. Kisha maandishi meupe yakatokea, yakashuka mstari kwa mstari, na pembeni kabisa saa ya kompyuta ikaonyesha tarehe ile yenyewe. Mbinya akafungua jalada la nyimbo. Wimbo wa kwanza ukafunguka. Akaruka hadi wa mwisho, wa mia moja arobaini na nane. Upo, na kila herufi mahali pake.

"Ziko!" akapiga kelele, mwanamke wa miaka hamsini na nne. "Ziko zote!"

Vigelegele vilianzia kwenye kiti chake vikatoka hadi barabarani, na mbuzi wa Ndolo wakaruka zizini. Printa ikaanza kukereza, karatasi ya kwanza ikatambaa nje, na Kalondu akaipokea kwa mikono miwili.

Wakajipanga kimwethya, kama wanavyojua. Mmoja alilisha karatasi, mmoja alizihesabu, mmoja alizikausha mbali na unyevu. Ukurasa wa arobaini. Wa themanini. Kwenye ukurasa wa mia moja thelathini na mbili inveta ikaanza kulia.

Betri zilikuwa zimetoa zilichokuwa nacho. Ndolo alizigusa nyaya moja moja, akatikisa kichwa. Kurasa ishirini na nane zilikuwa hazijatoka, na nje mawingu yalikuwa yaleyale.

Watu waliokuwa mlangoni wakapisha njia. Mzee Nzioka aliingia akiwa amebeba betri ya pikapu yake begani, suti ya kanisani imepakwa grisi, anahema. Hakumwita mtu amsaidie kuishusha.

"Nilienda posta kupigia Muturi simu," akasema, akimtazama Mbinya na si mwingine. "Nilitaka nimwambie atayarishe mashine yake, ndiyo barabara ikifunguka niwaokoe. Muturi analia. Asubuhi amewasha kompyuta, imekuwa nyeusi. Haijui hata jina lake. Na mchezo ni mimi nilimwekea, na mikono yangu."

Printa ilikuwa imenyamaza. Mzee akaiweka betri karibu na zile kumi.

"Hii ndiyo ya pikapu. Iko na nguvu. Ichukueni," akasema. Kisha akasitasita, na upande mmoja wa mdomo wake ukacheza. "Na kama ni lazima ikaguliwe kwanza, ikagueni."

Mbinya alicheka hadi machozi yakamtoka, na sebule nzima ikacheka naye, na mzee akacheka mwisho kuliko wote. Mbinya akamvutia mzee kiti karibu na meza, akampa karatasi alishe printa. Alizilisha zote ishirini na nane bila kupinda hata moja.

Nguvu iliyobaki Mbinya aliitumia kunakili nyimbo zote kwenye zile disketi mbili za Wangui, ambazo zilikuwa zimemaliza kazi yake. Moja akampa Kalondu akaiweke mahali pa baridi, moja akamkabidhi Nzioka.

Kesho yake alfajiri kurasa zingepanda basi la Mutomo na Kitui kwenda Machakos, na zingefika. Lakini jioni ile walizipeleka kwanza kwa mwenyewe.

Kalunde alikuwa mlangoni kwenye kigoda chake. Mbinya akapiga magoti, akamwekea rundo lote mapajani, na mkono mzima wa kushoto ukaja juu yake ukaipapasa karatasi kama unavyopapasa kichwa cha mtoto. Macho yake yakamuuliza Mbinya. Ni zote?

"Zote, mwaitu, mama yangu," Mbinya akasema. "Hata moja haikupotea."

Wanawake wakaanza kuimba, wimbo wa bwawa la kwanza, ule ambao kila mtu Ikutha anaujua tangu utotoni. *Tulikuwa mia, tukaushika mto kwa mikono.* Mkono wa Kalunde ukainuka, ukapiga kigoda kwa nguvu. Wakadhani anapiga mdundo, wakaendelea. Akapiga tena, kwa hasira, na kichwa kikatikisika. Hapana.

Wakanyamaza, wakatazamana. Mbinya akazifunua kurasa haraka hadi kwenye wimbo ule, akausoma, na nywele zikamsimama. Yeye mwenyewe alikuwa ameyaandika maneno yale na kuyasahau, akaimba makosa pamoja na wengine.

"Si mia," akasema. "Mama hakusema mia."

Kalunde alikuwa akipiga kigoda polepole sasa, pigo moja moja, akimtazama usoni. Mbinya akahesabu. Yalikuwa mapigo tisa.

*Tulikuwa tisa*, ndivyo ulivyosema ukurasa, *tukaushika mto kwa mikono*. Na chini yake yakafuata majina ya wanawake tisa walioanza lile bwawa peke yao kabla kijiji hakijawaamini, majina ambayo hakuna mdomo uliokuwa umeyataja kwa miaka mingi. Wanawake wakasogea nyuma ya bega la Mbinya kusoma, na Mzee Nzioka akavaa miwani yake. Wakaanza upya. Wakayaimba majina yote tisa, na kila jina Kalunde aliligongea kigoda. La tisa lilikuwa lake, na walipolifikia aliacha kugonga, akacheka kwa mdomo wake uliopinda.